Mbona Jana Ulikuwa Mzima?

Mwenye selimundu yeyote unayemjua ameshaulizwa swali hilo. Binamu yangu ameulizwa na shangazi, na mwalimu, hata na nesi wa zamu ya usiku. Jumamosi alikuwa harusini, anacheza mpaka akavua viatu. Jumapili hawezi hata kuinua mkono. Watu wanaona picha mbili zisizofanana, basi wanaamua moja ni ya uongo. Na mara nyingi wanaamua uongo ni ile ya maumivu.

Mimi si daktari, kazi yangu ni kompyuta, na ugomvi wangu leo ni na hizo picha.

Mwaka 2024, Tuzo ya Nobel ya Kemia ilikwenda kwa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper. Hao wawili wa mwisho ndio wa AlphaFold, programu inayokisia umbo la protini kutokana na mpangilio wa asidi amino zake. Imeshatoa maumbo zaidi ya milioni 200. Kazi kubwa, wanastahili. Lakini tangu siku ile nasikia wenzangu wakisema suala la protini limekwisha. Jamani, halijaisha. Mwonyeshe mtu picha ya cherehani ya bibi: ataona sindano na gurudumu. Inavyoshona hataelewa mpaka aione inakwenda.

Chukua himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu. Ina asidi amino 574, kwenye minyororo minne. Miaka ya 1950, Vernon Ingram aligundua huko Cambridge kwamba himoglobini ya selimundu inatofautiana na ya kawaida kwa kitu kidogo mno: kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, glutamati imekuwa valini. Basi. Ikiwa imebeba oksijeni, haina neno, inafanya kazi yake kama nyingine. Shida inaanza ikishaiachia. Hapo nusu moja ya protini inazunguka karibu digrii 15 ukilinganisha na nusu ya pili, na umbo hilo jipya linairuhusu valini ya jirani kuingia na kunasa. Moja inanasa nyingine, zinakuwa kamba ndefu, na chembe ya damu inapinda kama mundu.

Lakini kamba hizo hazitokei papo hapo. Miaka ya 1970, William Eaton na James Hofrichter walionyesha kwamba kuna muda wa kusubiri kwanza, halafu kamba zinaibuka kwa ghafla. Chembe ikiwahi kupita kwenye mishipa myembamba na kurudi mapafuni kabla muda huo haujaisha, imesalimika. Ikichelewa, inaweza kukwama. Na himoglobini ikikolea kidogo tu ndani ya chembe, muda ule unafupika sana. Kwa hiyo mama anaposema "kunywa maji, mwanangu", hasumbui. Anakuongezea muda.

Sasa unaona? Binamu yangu hakudanganya Jumamosi, wala hakudanganya Jumapili. Damu ni ileile, protini ni ileile. Kilichobadilika ni mwendo.

Kuufuatilia mwendo huo kwa kompyuta ni kazi ngumu kuliko kukisia umbo. Unahesabu nguvu zinazovuta na kusukuma kila atomu, unazisogeza kidogo, unahesabu tena. Kila hatua ni kama femtosekunde 2, kwa hiyo sekunde moja tu inataka hatua trilioni 500. Mwaka 1977, Andrew McCammon, Bruce Gelin na Martin Karplus waliigiza mwendo wa protini moja ndogo kwa pikosekunde 9.2. Mwaka 2010, kompyuta iitwayo Anton, ya New York, iliifikisha protini hiyohiyo milisekunde 1. Hiyo ni zaidi ya mara milioni 100, na bado ni fupi kuliko safari ya chembe kwenye mshipa.

Mtu atanijibu: mwendo umetusaidia nini? Swali la haki. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha voxelotor, dawa inayoishika himoglobini ibaki kwenye umbo lake la kubeba oksijeni. Septemba 2024, Pfizer iliiondoa sokoni ikisema faida zake hazizidi tena hatari zake. Iliwauma watu wengi. Mimi sisomi hapo kwamba mwendo hauna maana. Nasoma kwamba kuijua protini moja ni mwanzo tu, kwa sababu nayo imo ndani ya chembe, chembe imo ndani ya mshipa, na mshipa ni wa mtu.

Kwa hiyo wewe unayesoma fizikia au kompyuta, uwe Leicester, Muscat au Minneapolis, usiambiwe umechelewa. Tanzania ni kati ya nchi zinazozaa watoto wengi zaidi wenye selimundu duniani, na Oman nayo inaujua ugonjwa huu vizuri. Hii ni damu yetu, na sehemu ngumu ya hesabu bado ipo.

Na hata kama hesabu si zako, hili moja unaliweza. Binamu yako akikwambia leo anaumwa, usimwonyeshe video ya jana.