Kimondo Bila Mahali Pake

Shuleni tumezoea kudhani kwamba kuainisha kitu ni kukipa jina na kuufunga mjadala. Dhana hiyo yafaa ipingwe, na ushahidi mzuri ni vimondo vya mawe vinavyookotwa katika uwanda wa Jiddat al-Harasis, katikati ya nchi ya Oman.

Uwanda huo ni wa mawe ya chokaa yenye rangi hafifu, na mvua yake ni haba. Jiwe jeusi lililotoka angani huonekana hapo kwa urahisi, na chuma kilichomo huliwa na kutu polepole, hata likadumu maelfu ya miaka.

Mtaalamu hukata kipande chembamba cha jiwe hilo, chenye unene wa milimita 0.03, akakitazama kwa hadubini. Akiona kondruli, yaani vijipunje vya mviringo vilivyoganda kutokana na matone ya mwamba ulioyeyuka, hutambua kuwa ni kondriti. Kisha hupima chuma kilichomo katika madini ya olivini, akikilinganisha na magnesi. Chuma kikiwa asilimia 16 hadi 20, kimondo huwekwa katika kundi H. Kikiwa 23 hadi 26, kundi L. Kikizidi hapo, kundi LL. Namba 3 hadi 6 huonyesha jinsi joto la ndani ya gimba mama lilivyozififiza kondruli. Ndipo tunapopata "H5" au "L6".

Hayo yote jiwe laweza kuyaeleza maabarani. Lakini haliwezi kueleza liliokotwa wapi. Kimondo kimoja huweza kupasuka angani na kutawanya vipande vingi. Ukiletewa vipande 50 vya L6 visivyo na mahali, ni vigumu kujua kama vilianguka mara 50 au mara moja. Na hesabu ya mawe yanayoifikia dunia yetu huharibika.

Hata hivyo, maelfu ya vimondo vilivyonunuliwa kwa wafanyabiashara wa Sahara hubeba jina la "Northwest Africa" na namba tu, kwa kuwa mahali vilipookotwa hapajulikani kwa hakika. Wapo wanaosema kwamba pasipo biashara hiyo mawe mengi yasingefika maabarani. Hoja hiyo ina uzito: Northwest Africa 7034, kilichotoka sayari ya Mirihi, kilipatikana kwa njia hiyo. Lakini faida hiyo haifuti hasara. Sayh al Uhaymir 169, jiwe la gramu 206 lililookotwa Oman mwaka 2002, lilithibitika kuwa limetoka mwezini, na mahali lilipolala panajulikana.

Nasi Afrika Mashariki tunahusika. Kimondo kilichoanguka Ivuna, Tanganyika, tarehe 16 Desemba 1938, kimelipa jina kundi zima: herufi I katika CI yatokana na Ivuna. Jina la mahali limekuwa sehemu ya uainishaji wenyewe.

Basi mwalimu anapowatoa wanafunzi nje kukusanya mawe, awaagize kwanza waandike mahali, tarehe na hali ya ardhi, ndipo wainue jiwe. Asiyeandika asipewe alama kamili, hata kama jina alilolitaja ni sahihi. Kazi hii haihitaji mtambo wa kuagizwa ng'ambo. Yahitaji daftari, kalamu na uaminifu.