Kutunga michezo nayo ni kazi: somo kwa familia za ukanda wa dhahabu

Mzazi wa Shinyanga, Kahama au Geita akiulizwa angependa mwanawe awe nani, majibu yanajulikana: daktari, mwalimu, mhandisi wa mgodini, mfanyabiashara. Ni nadra kumsikia anayetamani mwanawe awe mtunzi wa michezo. Neno mchezo kwetu lina sura mbili tu: utoto usio na faida, au kubeti kunakofilisi nyumba. Juma hili tuitazame sura ya tatu, ya mchezo kama kazi ya akili na mikono inayoweza kumpatia mtu riziki ya halali. Mfano wake tunaupata kwa mwanamke aliyezaliwa katika nchi yetu.

Leslie Scott alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1955, katika familia ya Waingereza, akakulia Afrika Mashariki akikizungumza Kiswahili. Baadaye familia yake ilihamia Ghana, katika mji wa Takoradi. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1970, waliburudika nyumbani kwa vipande vya mbao vilivyotoka katika kiwanda cha kupasulia magogo. Vipande vilipangwa vikawa mnara. Kila mtu kwa zamu yake alichomoa kimoja na kukiweka juu, hadi mnara uporomoke na wote waangue kicheko.

Familia ngapi duniani zina michezo ya namna hiyo, ikazaliwa na kufa sebuleni? Scott hakuuacha ufe. Alipokuwa akiishi Oxford, Uingereza, aliucheza na marafiki, akaona kwamba watu wasiomjua mwenziwe hukaa pamoja na kusahau saa. Akaamua kuufanya kazi. Idadi ya vipande ikathibitishwa kuwa 54, katika safu 18 za vipande vitatu vitatu. Kanuni zikaandikwa kwa maneno machache: tumia mkono mmoja; usichomoe katika safu ya juu iliyokamilika. Mwaka 1983 akaupeleka katika maonesho ya vitu vya kuchezea mjini London, akiwa ameupa jina la Kiswahili: Jenga.

Wafanyabiashara walimshauri abadili jina hilo kwa kuwa halina maana kwa wanunuzi wao. Alikataa. Hata hivyo, msimamo peke yake haulipi deni. Mauzo ya mwanzo yalikuwa hafifu na madeni yakamwelemea. Hatimaye haki za kibiashara ziliingia mikononi mwa kampuni ya Pokonobe Associates, na mchezo ukatolewa kwa leseni na watengenezaji wakubwa, ikiwemo Hasbro ya Marekani. Ndipo ukaenea ulimwenguni kwa makumi ya mamilioni ya nakala. Mwaka 2020 uliingizwa katika Jumba la Kumbukumbu za Vitu vya Kuchezea la Marekani. Scott naye hakuishia hapo: mwaka 1991 alishiriki kuanzisha kampuni ya Oxford Games, akatunga michezo mingine mingi.

Tuzingatie ni kitu gani hasa alichokifanya. Mbao zilikuwapo, na mzaha wa kifamilia ulikuwapo. Alichoongeza yeye ni kupima, kuchagua, kuandika kanuni zinazoeleweka, na kuvumilia miaka ya hasara. Hiyo ndiyo taaluma ya mtunzi na mhariri wa michezo.

Iko pia aina ya michezo ambayo karibu yote ni maandishi. Mwaka 1974 nchini Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji huketi mezani, kila mmoja akachukua nafasi ya mhusika, na kwa pamoja wakaisimulia hadithi. Ulitoka kama vijitabu vitatu ndani ya boksi, nakala 1,000 tu kwa mara ya kwanza. Gygax aliwahi kufanya kazi katika bima, na katika kipindi hicho alikuwa akishona viatu nyumbani ili kulisha familia. Kutokana na vijitabu vile ikazaliwa kazi mpya kabisa: ya mtu anayekaa na maandishi ya kanuni, akayasahihisha hadi msomaji asiyemjua mtunzi aweze kucheza bila kumwuliza mtu.

Sasa turejee kwetu. Wasukuma wana mchezo wao wa kete na vishimo, ndugu wa bao la pwani, uitwao isolo. Wanawake wana namna yao ya kuucheza, watoto wana yao, na wazee wana yao. Ni hazina iliyotungwa na vizazi vya watu wenye hesabu kali vichwani. Lakini kanuni za namna hizo zimeandikwa katika nyumba ngapi? Babu anapofariki Kishapu au Nyang'hwale, huondoka na mchezo wake. Na mjukuu anayebaki hakosi kitu cha kuchezea: nje ya kibanda cha duka ipo mashine ya kumeza sarafu, na mkononi ipo simu yenye mkeka wa kubeti.

Hapa ndipo penye hatari katika ukanda wetu. Maisha ya maduara humzoesha kijana kuiwazia bahati. Akisikia kuna rashi upande wa pili wa wilaya, huacha kila kitu na kuikimbilia. Mchimbaji mwenyewe hutoka jasho, na jasho lake ni halali. Lakini mtoto anayemtazama huona tu kwamba mtu alilala maskini akaamka tajiri. Kamari humjia mtoto huyo kama jambo la kawaida. Sheria ya nchi inamkataza aliye chini ya miaka 18 kushiriki michezo ya kubahatisha, na Qur'ani, katika Suratul Maida, imeitaja kamari pamoja na ulevi na kutuamuru tujiepushe nayo. Wanazuoni wengi wamekataza hata mchezo wa nardi, unaotegemea dadu, pasipo dau lolote. Kuhusu sataranji wamekhitilafiana. Isolo, bao na Jenga hazina dadu, na zikichezwa bila dau na bila kupitisha wakati wa Swala, mzazi ana nafasi ya kuzitumia katika malezi. Mwenye shaka amwulize sheikh wake. Kwa upande wa ile michezo ya hadithi, ambayo mingi hutumia dadu na mambo ya uchawi, tahadhari ni kubwa zaidi. Lakini ufundi wa kuandika kanuni hauna dhambi.

Familia inaweza kuanza kwa daftari moja. Mwombeni babu au bibi acheze isolo polepole, na mtoto mwenye mwandiko mzuri aandike kila hatua: kete ngapi, kuanzia wapi, lini mtu hula, lini amefungwa. Kisha mpeni daftari mtoto wa jirani asiyeujua mchezo, nanyi mkae kimya. Atakapokwama, kosa ni la sentensi, si la mtoto. Ifuteni, iandikeni upya, mjaribu tena. Mtoto atakayepitia zoezi hilo mara kumi atakuwa amejifunza kuandika, kuhesabu, kusikiliza na kukubali kusahihishwa.

Na likipatikana jambo la kuuza, kuna seremala mwenye mabaki ya mbao, mchoraji na mchapaji hapo hapo Kahama au Geita mjini. Kijitabu na michoro vinalindwa na sheria ya hakimiliki, inayosimamiwa na COSOTA. Jina la biashara husajiliwa BRELA. Tusidanganyane: wachache mno huishi kwa kazi hii pekee, na Scott mwenyewe alionja madeni kabla ya faida. Bali ianze kama kazi ya pembeni, nayo ikishindwa, itakuwa imeiachia familia jioni nyingi za pamoja na daftari lenye elimu ya babu.

Neno letu limezunguka dunia likiwa juu ya boksi la mbao, kwa sababu mtu mmoja aliyelelewa nalo aliliona lina thamani. Sisi wenye lugha tuna michezo ambayo bado haina hata boksi. Juma hili, kabla ya usiku kuingia, mzazi amwulize mzee wa nyumba yake swali moja: isolo ya kwenu huchezwaje?

Wabillahi tawfiq.