ASIDI HAIANZI KWENYE MLANGO WA KIWANDA



Ukurasa huu umezoea kuwaambia habari za kofia, viatu na miwani. Leo tutoke inje, twende barabarani.

Unajua ya kuwa bila asidi sulfuriki hatuwezi kutoa shaba katika mawe ya oksidi. Asidi nyingi inaletwa na magari ya kompani zingine, mengine yakitoka Zambia. Katika vitabu vya ofisi hatari yake inaanza siku inapoingia katika tangi letu. Si kweli. Tarehe 20 Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe, kwenye barabara ya Lubumbashi na Kolwezi, lori la asidi liligongana na basi. Watu zaidi ya 15 walikufa. Wengi wao walikuwa wasafiri tu.

Kwa maoni yetu, kununua asidi kwa bei ya chini bila kumjua anayeileta ni akiba ya uongo. Shofere aliyekesha mpakani Kasumbalesa, akaambiwa afike asubuhi au akatwe mshahara, huyo ni hatari yetu, hata kama jina lake haliko katika orodha yetu. Wakubwa wa ununuzi wakae na patroni wake, wapatane juu ya breki, saa za kulala na mwendo wa kupita vijijini. Tena wamwambie mapema tutahitaji asidi ngapi mwezi ujao, maana agizo la ghafula ndilo linalozaa mbio. Vilevile na wanunuzi wa shaba yetu: mnunuzi aliyeambiwa kwamba mvua imekata njia atangoja siku 3. Asiyeambiwa atapiga simu kila saa, na makelele hayo yatashuka mpaka kwa shofere.

Nawe unayepakua tangi, ukiona valvu inadondosha au tairi limekwisha, usinyamaze eti gari si letu. Mwite mkubwa wako kabla gari halijatoka. Na huyo shofere mwonyeshe maji ya kunywa na kivuli. Mara nyingi hakuna anayemsalimu.

Mama, uwakataze watoto: tangi likipinduka, wasikaribie kuangalia wala kuchota. Asidi ikimpata mtu, avuliwe nguo upesi, amwagiwe maji mengi, mengi sana, kwa muda mrefu. Asipakwe mafuta. Kisha lopitali.