Karakana za Jumuiya na Majina Yake Ramanini

Karakana ya jumuiya ni mahali ambapo watu hutumia kwa ushirika zana ambazo mmoja wao peke yake hawezi kuzinunua: kerezo, mashine ya kuchomelea vyuma, na siku hizi mashine ya kuchapa vitu vya plastiki. Watayarishaji wa orodha za karakana hizo hulazimika kuchagua jukwaa la ramani, na mjadala wao kwa kawaida huishia katika gharama. Ni kweli kwamba mwaka 2018 Google ilibadili malipo ya huduma zake za ramani, na baadhi ya waliozitegemea wakahama. Lakini hiyo ni hoja nyepesi. Iliyo nzito ni ya kiisimu: ni nani atoaye jina, na jina hilo huiweka karakana katika fungu gani?

OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, huruhusu mahali pamoja kupewa majina kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwamo. Aidha, data yake yote yaweza kunakiliwa na kusahihishwa na yeyote. Ubora huo usifiche kasoro. Lebo yake iliyozoeleka kwa karakana za aina hii ina asili katika vilabu vya wapenzi wa kompyuta, mfano wa c-base ya Berlin iliyoanzishwa mwaka 1995, nayo imeainishwa chini ya burudani. Orodha ya Nairobi isiyowataja mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wafuao masanduku ya bati, itakuwa pungufu. Ikiwataja kwa lebo hiyo, itakuwa imewahesabu pamoja na bustani na viwanja vya michezo. Mpangaji wa umeme au mtoa mikopo aisomaye ramani hiyo ataona mchezo pale palipo na riziki.

Hata hivyo, jukwaa huria ndilo la kuchaguliwa, kwa kuwa uainishaji wake waweza kupingwa na lebo mpya kupendekezwa. Katika ramani ya kampuni, mafungu huamuliwa na kampuni. Wakazi wa Kibera walijichorea ramani yao mwaka 2009, na wa Dar es Salaam wakashiriki katika Ramani Huria kuanzia 2015. Kazi hizo zilihitaji wanaisimu pia, si wapima ardhi na wataalamu wa kompyuta tu. Kabla ya kuandika “kituo cha ubunifu”, mtayarishaji na aende karakanani awaulize mafundi wenyewe wanapaitaje.