Watoto Wawasomee Wazee Karatasi za Haki Zao

Ndugu wafanyakazi,

Kuwapeleka wanafunzi wakawasomee wazee ni kazi njema ya kujenga jamii. Lakini wawasomee nini? Hadithi za Sungura wazee wanazijua kuwashinda watoto. Wasichokijua ni kilichomo katika karatasi zao.

Huku Uganda, kwa sheria ya mwaka 1985, mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na mwajiri huongeza asilimia 10. Akifikisha miaka 55, fedha hizo ni haki yake. Lakini karatasi huja kwa Kiingereza, na mzee aliyechuma chai au kukata miwa maisha yake yote hutia dole gumba tu.

Wengine watasema mtoto asijue siri ya mzee. Je, siri asiyoijua mwenyewe ni siri ya nani? Mzee amchague msomaji wake, na mjumbe wa chama awepo.

Kila tawi lizungumze na walimu. Dole gumba lisitiwe kabla karatasi haijasomwa kwa sauti na kuelezwa.

Umoja ni nguvu!