Mwasho wa Choa Usizimwe kwa Stiroidi

Choa kikitokea shingoni mwa mtoto wa Sumbawanga, sweta la baridi ya Ufipa laweza kukificha kwa majuma kadhaa. Kikionekana, mzazi hushawishika kununua krimu yenye stiroidi kwa kuwa huondoa mwasho upesi. Hapo ndipo kosa lilipo, na muuza dawa anayeitoa bila kuuliza hana budi kulaumiwa kwanza.

Wekundu ule si kazi ya kuvu peke yake. Seli za ulinzi zilizomo ngozini hutambua beta-glukani, sukari iliyo katika ukuta wa kuvu, kisha huita chembe nyeupe za damu. Seli T nazo hutoa protini, interlukini-17 ikiwamo, zinazoimarisha ulinzi huo, huku ngozi ikiharakisha kujibandua ili kumtupa mvamizi nje. Ndiyo maana katikati ya duara huanza kupona ilhali ukingo ungali mwekundu. Stiroidi huwanyamazisha walinzi, si adui: ngozi hutulia, kuvu husambaa, na ukingo hufifia kiasi cha kumpotosha hata tabibu mzoefu.

Mhudumu aulize kwanza kilichopakwa, naye mzazi aje na tyubu yake bila kuona haya. Penye shaka, magamba ya ukingoni yakwanguliwe na kutazamwa kwa hadubini. Ile ile ya malaria yatosha. Choa cha mwilini hutibiwa kwa krimu ya klotrimazoli kwa majuma 2 hadi 4, hata mwasho ukikoma mapema. Mapunye ya kichwani hayaponi kwa krimu, kwani haifiki kwenye mizizi ya nywele. Mtoto huhitaji dawa ya kumeza, kama griseofulvini.