Kuiuliza Tena Si Kuhakiki

Kuna ushauri unaosambaa siku hizi kutoka kwa watu wazima wenye nia njema: jibu la ChatGPT likikutia shaka, iulize tena. Iambie itaje chanzo. Iambie ijikague. Wanaoutoa wanadhani wanahimiza umakini. Nasema bila kumung'unya maneno kwamba ushauri huu unadhuru, kwa sababu humwondolea mtu shaka aliyokuwa nayo bila kumpa ushahidi wowote.

Mwaka 2023, jijini New York, abiria mmoja alikuwa ameishtaki Avianca, shirika la ndege la Colombia, akidai kuwa toroli la chuma la kugawia vyakula lilimuumiza goti safarini. Wakili wa upande wake, mwenye uzoefu wa miaka zaidi ya 30, aliitumia ChatGPT kutafuta hukumu za zamani za kuibeba hoja yake. Ikampa zote: majina ya wadaawa, namba za kesi, majaji, hadi manukuu. Mawakili wa Avianca wakazisaka wasizione.

Ni rahisi kudhani wakili yule alizembea, hakuuliza. Aliuliza! Aliuliza kama hukumu mojawapo, ya Varghese dhidi ya China Southern Airlines, ni ya kweli. Akajibiwa ndiyo. Akataka chanzo. Programu ikaomba radhi kwa mkanganyiko, ikasema imekagua upya na kesi ipo, inapatikana Westlaw na LexisNexis, hazina ambazo mawakili wa Marekani huzitumia kila siku. Akauliza kama zile nyingine ni za kubuni. Ikakana. Kumbe hukumu sita kati ya hizo hazikuwahi kutolewa na mahakama yoyote. Jaji P. Kevin Castel akawatoza yeye, mwenzake na ofisi yao faini ya dola 5,000, na kuwaamuru wawaandikie barua majaji waliosingiziwa kuziandika.

Sababu ya majibu hayo iko kwenye utendaji wa programu zenyewe. Programu hizi huunda sentensi kwa kukadiria neno linaloelekea kufuata, kutokana na maandishi mengi mno zilizofunzwa nayo. Ukiiuliza mojawapo "una uhakika?", haiendi kupekua jalada lolote, umeongeza maneno kwenye mazungumzo, nayo inakadiria upya. Ndiyo maana ukiibana hata kwenye jibu sahihi, huweza kuliacha na kukuomba msamaha. Zipo zinazopekua intaneti na kuweka viungo, na hilo ni jema, ila kiungo humfaa anayekifungua akasoma.

Kwetu sisi hatari ni kubwa zaidi. Maandishi ya Kiswahili yaliyoko mtandaoni ni machache mno kando ya yale ya Kiingereza, kwa hiyo mengi ya kwetu programu imeyasoma juujuu. Lakini ufasaha wake haukuonyeshi hilo. Inakosea kwa Kiswahili kilekile kitamu inachotumia inapopatia, na msomaji hana pa kuona tofauti.

Pa kuhakiki papo nje ya programu. Mzazi anayetaka kujua kipimo cha dawa ya mtoto ana karatasi iliyomo ndani ya boksi, na ana mfamasia dirishani. Mwanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam ana TanzLII, wa Nairobi ana Kenya Law, na hukumu zinasomwa bure. Namba ya kesi uliyopewa iandike huko. Isipotokea, usirudi kuihoji programu kwa nini. Ifute kwenye hoja yako.